Mwendo Ni Darsa: Kuwafundisha Watoto Wadogo Nyumbani

Amma baad. Baadhi ya ndugu zetu wa Mombasa na Lamu, wenye jamaa zao huku Garissa, wametuuliza: mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano afundishwe nini nyumbani kabla hajafikia kushika kitabu? Wengi hujibu upesi: herufi, hisabu na sura fupi. Hayo yote ni mema wala hatuyapingi. Lakini iko darsa iliyozitangulia hizo zote, ambayo Mwenyezi Mungu amemtia mtoto mwilini mwake kabla hajajua kusema, nayo ni mwendo. Mtoto hutambaa, husimama, huanguka, hukimbia. Na kwa kufanya hivyo hujua lililo mbali na lililo karibu, zito na jepesi, la juu na la chini. Anayemzuia asitikisike amemfungia kitabu chake cha kwanza.

Na tuitazame siku ya mtoto wetu wa hapa. Asubuhi yuko chekechea, katika madarasa ambayo siku hizi huitwa PP1 na PP2, ameketi. Alasiri yuko duksi, ndicho chuo kwa lugha yenu ya pwani, ameketi tena na lauhi yake magotini. Magharibi hurudi nyumbani, mamake amechoka kwa kazi ya mchana kutwa, hupewa simu ili anyamaze, akaketi mara ya tatu. Wazee wakimwona humsifu: "Mtoto mtulivu huyu, hana utundu." Basi nasi tunauliza: mtoto huyu ametembea lini leo? Amekimbia wapi? Amebeba nini, ameruka nini?

Kweli, wazazi wana udhuru, na si haki kuupuuza. Jua la Garissa huanza kuchoma tangu wakati wa dhuha. Miba ya mathenge imeenea kila kiwanja kisichofagiliwa, na mwiba wake hupenya kandambili ukafika kwenye unyayo. Njia zimejaa bodaboda na tuktuk. Mto Tana, huu huu unaokuja kumwaga maji yake baharini Kipini kwenu, una mamba, na ukifurika, kama ulivyofurika mwisho wa mwaka 2023, maji huingia mpaka majumbani mwa watu. Na hofu ya usalama nayo haijatoka mioyoni mwa watu wa Kaskazini Mashariki. Mama anayefunga mlango wake hatumlaumu. Tunalosema ni kwamba mlango ukifungwa, ndani ya ua na ndani ya chumba bado pana nafasi ya kufundisha, wala haigharimu hata shilingi.

Wala jambo hili si la anasa kwetu. Mwanzo wa mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa skuli za Garissa, Wajir na Mandera. Mwezi wa Machi mwaka huo huo skuli zote za Kenya zikafungwa kwa maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2021. Katika miezi ile mwalimu wa mtoto mdogo alikuwa mamake, au hakuwa na mwalimu. Nyumba iliyojua kufundisha kwa mkeka na mkebe haikupotewa na mwaka.

Watu watasema: dini yetu ni dini ya adabu na utulivu, na mtoto wa Kiislamu hafai kuruka ruka. Jawabu yetu ni kwamba adabu ni ya dini, ama kumkalisha mtoto kama jiwe ni mila tu, tena mila isiyo na asili. Mtume s.a.w. alisali hali amembeba Umama, binti wa bintiye Zaynab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Nasai imepokewa kuwa alirefusha sijida mpaka maswahaba wakadhani limetokea jambo, kumbe mjukuu wake amempanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajamaliza haja yake. Tazameni: mbora wa viumbe, yumo katika ibada iliyo bora, msikitini, mbele ya watu, anamngoja mtoto amalize mchezo wake. Sisi ni nani hata tuone haya mtoto akitupanda mgongoni sebuleni?

Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, katika mlango wa kulea watoto wa kitabu chake Ihya, ameeleza kuwa mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema apumzike, kwani kumkataza mchezo na kumlemea kwa masomo daima hufisha moyo wake na kuharibu wepesi wa akili yake. Na amesema pia azoezwe kutembea na kuutumia mwili wake sehemu ya mchana, uvivu usije ukamshinda. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, na mwandishi wake si mtu wa skuli za Kizungu.

Waganga wa leo nao wamefika pale pale. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 apate walau dakika 180 za harakati kwa siku, na 60 katika hizo ziwe za nguvu, za kumfanya atwete. Asifungwe kitini wala mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo. Na kuketi akitazama simu au televisheni kusizidi saa moja, na kikiwa kidogo zaidi ndiyo bora. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame kabisa. Mlinganishe hesabu hiyo na siku tuliyoieleza hapo juu.

Neno moja juu ya watoto wa kike. Huku kwetu, na kwenu pia, msichana akifika miaka mitano huanza kuambiwa asikimbie, asipande, asipige kelele. Bi Aisha r.a. amesimulia mwenyewe, na imo katika Bukhari, kuwa alikuwa kwenye pembea pamoja na wenziwe mamake alipomwita. Na katika Abu Daud imo kwamba alishindana mbio na Mtume s.a.w. safarini, akamshinda, kisha baadaye wakashindana tena, akashindwa yeye. Nyinyi wa Mombasa mwawapeleka binti zenu kupanda pembea za Idi pale Makadara wala hamwoni ubaya. Basi siku zilizobaki za mwaka zina kosa gani?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Darsa ya kwanza tunaichukua katika Sura An-Nur, aya ya 45, ambapo Mwenyezi Mungu ametaja kuwa ameumba kila mnyama kwa maji, na katika wanyama hao wamo waendao kwa matumbo, waendao kwa miguu miwili na waendao kwa minne. Mtandikie mtoto mkeka, umsomee aya, umweleze maana yake, kisha mwambie: nionyeshe aendaye kwa tumbo. Atalala kifudifudi ajikokote kama nyoka. Nionyeshe wa miguu miwili: atatembea kama kuku, atasimama kwa mguu mmoja kama korongo, mhesabie mpaka kumi. Nionyeshe wa miguu minne. Hapo mngoje, kwani hapo pana elimu.

Mtoto wa Garissa akiigiza mbuzi na akiigiza ngamia hufanya sawasawa, naye amekosa. Mchukue mlangoni asubuhi ngamia wapitapo, umwambie atazame miguu. Ngamia huinua miguu ya upande mmoja pamoja, wa mbele na wa nyuma, kisha upande wa pili; ndiyo sababu mpandaji wake huyumba huku na huku kama aliye chomboni. Twiga naye atembeapo huenda vivyo hivyo, na watoto wa Garissa wanao twiga karibu pale Bour-Algi. Mbuzi akienda mbio za polepole huinua mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto. Na ngamia akitaka kulala hutanguliza magoti ya mbele. Akitaka kuinuka huinua kwanza nyuma. Mwache mtoto ajaribu mwendo huu na ule juu ya mkeka. Ataanguka, atacheka, atajaribu tena, na siku ya tatu atakufundisha wewe. Hapo amejifunza kulia na kushoto, mbele na nyuma, na kutazama kitu kwa makini kabla ya kukisema, nayo ndiyo asili ya kila elimu.

Kisha mpeleke hatua moja mbele. Mwambie adonoe kama kunguru, halafu alaze dhiraa zake chini kama mbwa aliyejinyoosha. Akishafanya, mwambie: haya ni ya mchezo, katika sala Mtume s.a.w. ametukataza kudonoa kama kunguru na kutandaza dhiraa kama mbwa. Sasa sujudu. Utamwona anainua viwiko vyake mwenyewe. Mtoto huyu hajafika miaka saba ya kuamrishwa sala, wala usimwamrishe. Lakini mwili wake umeshajua tofauti, na akifika saba hutahitaji fimbo.

Na kwa kuwa tumetaja fimbo: darsa hizi hazina fimbo. Mtoto asiyetaka kucheza leo aachwe. Na mtoto ambaye Mwenyezi Mungu hakumjaalia nguvu za miguu asitengwe. Aigize kwa mikono, akae juu ya mkeka arushiwe mpira wa matambara, yeye ndiye awe wa kuhesabu na kuamrisha wenziwe. Mwendo ni wa kiungo chochote kiwezacho.

Darsa ya vitu ni nyepesi. Egemeza ubao juu ya kinu au tofali (ubao wowote, si lauhi ya Kurani, hiyo ina heshima yake). Mpe mtoto ndimu, mkebe mtupu, kokwa ya tende, kibiriti na kandambili. Kabla hajaachia kila kimoja, mwulize: hiki kitabingirika, kitateleza, au kitabaki? Akikosa usimsahihishe, mwache aachie aone. Inua ubao kidogo, jaribu tena. Kisha mpe jerikeni tupu alisukume, halafu lenye maji nusu. Asipoweza, mwulize kwa nini. Jawabu atakayotoa itakustaajabisha.

Katika duksi na katika vyuo vyenu watoto husoma huku wakiyumba mbele na nyuma. Wapo maulamaa wasiopenda jambo hilo, nasi hatuingii katika hitilafu hiyo leo. Lakini maalim mwenye busara huona kuwa mtoto anayeyumba hana nia ya utovu wa adabu. Mwili wake unadai haki yake. Ampe robo saa baada ya kila saa asimame, ateke maji, afagie, akimbie mpaka mtini na kurudi, kisha aketi. Hifadhi haitapungua.

Darsa ya mwisho ni ya mtoto aliyekaribia miaka sita, na mama aianze kwa kibla. Makka iko karibu sana kwenye mstari mmoja na Garissa na Mombasa kutoka kusini kwenda kaskazini, hata anayesali katika miji hii miwili huelekea kaskazini hasa. Basi msimamishe mtoto aelekee kibla: mkono wake wa kulia ndiko jua litokako, wa kushoto ndiko lituako. Mwambie aruke hatua mbili kwenda mashariki, tatu kwenda magharibi, arudi kinyumenyume mpaka alipokuwa. Akizoea, chomeka kijiti kilichonyooka uani, na kila baada ya muda mfupi aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. Ataona kuwa kitu kisichotembea kina kivuli kitembeacho. Kinafupika mpaka jua linapopinduka na adhuhuri ikaingia, kisha kinarefuka upande wa pili. Kivuli kikifika urefu wa kijiti, juu ya kile kilichokuwapo jua lilipopinduka, mwambie: sasa ni alasiri, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Asikilize muadhini kama atamkubalia.

Mkiifanya darsa hii mwezi wa Disemba, kivuli cha adhuhuri kitaangukia upande wa kibla, kwani jua liko kusini yetu. Mwezi wa Juni kitageuka kiangukie nyuma ya mwenye kusali. Na hapa Garissa, karibu na tarehe 21 Machi na tena karibu na tarehe 23 Septemba, mtoto atatazama chini ya kijiti adhuhuri asione kivuli isipokuwa kidogo sana. Huko Mombasa, kwa kuwa mko kusini zaidi ya ikweta, jambo hilo huwatokea mapema kidogo mwezi wa Machi, na mwanzo wa Oktoba. Mtoto atauliza kivuli kimekwenda wapi. Usimjibu. Mpe jiwe, mwambie angoje hapo hapo.