Chumvi Haisubiri Masika

Wadogo zangu mnaoishi karibu na bahari, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, leo tuongee habari za nyumba. Masika yakianza tu, malalamiko ni yaleyale: dada, paa linavuja, dada, ukuta umeota ukungu. Mvua mnaionea bure. Aliyeharibu nyumba ni chumvi, na kazi hiyo ameifanya miezi mingi huku mkimtazama.

Upepo wa baharini hubeba chumvi laini isiyoonekana kwa macho. Ikitua kwenye bati, grili au ukuta, huvuta unyevu wa hewani, na chuma kinabaki na majimaji hata siku ambayo hakuna wingu. Ndiyo maana bati lilelile likiezekwa Morogoro hudumu kuliko likiezekwa Kigamboni.

Kwa hiyo ratiba yenu ifuate pepo. Kazi kubwa ifanyike kaskazi inapoishia, Februari hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Awamu ya pili iwe Septemba, kusi ikishalegea na vuli bado haijafika.

Anzeni na paa. Fundi apande asubuhi, bati halijashika moto, akague msumari mmoja mmoja. Bati huanza kuoza pale lilipotobolewa: utaona duara la kahawia kuzunguka kichwa cha msumari, na mpira wa chini yake umekauka ukapasuka. Msumari wa hivyo ung'olewe, uwekwe mwingine wa zinki, mnene kidogo, na mpira mpya. Paa la makuti likague ukiwa ndani, mchana. Ukiona vitundu vya mwanga, maji yatapita hapohapo. Badilisha makuti ya sehemu hiyo sasa, yakiwa bado machache. Na wewe unayekinga maji kwenye simtanki, safisha mifereji ya bati, halafu mvua ya kwanza iache ipite. Hiyo ni ya kuosha chumvi na kinyesi cha ndege, si ya kunywa.

Kwenye geti, grili na bawaba, maji baridi ya bomba ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Wakati wa kusi, osheni chuma cha nje kila mara mnapoosha madirisha, kisha mfute kikauke. Kutu ikishaota, msipake rangi juu yake, maana itaendelea kula chini kwa chini na rangi itabanduka vipande vipande. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, osha, kausha, kisha paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Ukiacha chuma kitupu kilale nje usiku mmoja, asubuhi utakuta kutu imeanza upya.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana linaweza kuua mtu. Tazama chini ya dari la zege, linta ya juu ya dirisha na nguzo za baraza. Ukiona ufa mrefu ulionyooka wenye doa la kahawia, gonga taratibu kwa nyundo. Sauti ikiwa ya kitu chenye uwazi ndani, nondo imeshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inapasua zege kutoka ndani. Fundi akikuambia tupige plasta tu, mkatalie. Lile zege lililokufa linavunjwa, nondo inasafishwa pande zote, ndipo inazibwa. Ikiwa ni nguzo au boriti inayobeba nyumba, ita mhandisi kabla nyundo haijaanza. Na mnaojenga sasa, msikubali mchanga wa ufukweni wala maji ya kisima cha chumvi kwenye zege. Hapo mnazika kutu pamoja na nondo.

Wenye nyumba za kale za mawe na chokaa, za Lamu, Pangani au Mji Mkongwe wa Zanzibar, msizivishe plasta ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupitisha unyevu. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na vichwa vya boriti za mikoko vilivyomo ukutani vinaoza bila wewe kujua. Rudisheni plasta ya chokaa na mpake chokaa. Kwa kuwa Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ulizeni mamlaka ya uhifadhi kabla ya kubadilisha lolote.

Ndani, vuta makabati yasibanane na ukuta ili hewa ipite. Ukungu uoshe kwa jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, na usithubutu kuichanganya na siki au dawa kali ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Soketi za ukuta unaotazama bahari mwite fundi umeme azifungue azikague.

Najua pesa haitoshi kwa yote haya kwa mkupuo. Zege linalomeguka juu ya vichwa vya watoto halingoji mshahara: hamisheni watu hapo leo. Baada ya hapo paa, kisha chuma, rangi ya urembo iwe ya mwisho. Ukiweza kununua misumari tu mwezi huu, nunua misumari.