Somo la Afya: Utumbo Mwembamba, na Mtoto Anayekula Bila Kunenepa

Somo hili limetokana na swali la mama mmoja katika kikundi cha akina mama upande wa Ganze. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu. Anaharisha, anapona siku chache, anaharisha tena. Kula anakula, lakini mwili unakwisha. Wazee wa pale nyumbani wamekwisha sema ni chirwa, nasi sote tunajua neno hilo limebeba nini: kwamba baba au mama ametoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayelipa. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Basi chakula chake kinakwenda wapi?"

Tumjibu kwa kuanzia na mbuzi. Mbuzi anapochinjwa wakati wa Krismasi au arusi, kina mama ndio wanaosafisha matumbo, kwa hiyo somo hili wao wanalijua nusu tayari. Baada ya tumbo lenyewe kuna bomba refu, jembamba, lililojikunja na kushikwa na ngozi nyepesi yenye mafuta na mishipa ya damu. Huo ndio utumbo mwembamba. Ukiupindua ndani nje na kuusuuza, utahisi kwa vidole kwamba si laini kama mpira. Una manyoya mafupi mafupi, kama mahameli. Wa binadamu uko hivyo hivyo. Kwa mtu mzima una urefu wa kama mita 6.

Una sehemu tatu. Ya kwanza ni duodenamu, fupi tu, kama sentimita 25. Hapa ndipo nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho yanapomwagika juu ya chakula. Nyongo inavunja mafuta, na maji ya kongosho yanakata sima, samaki na kunde kuwa vipande vidogo sana. Madini ya chuma, yale ya kutengeneza damu, huingia mwilini zaidi sehemu hii. Ya pili ni jejunamu, na kazi kubwa ya kunyonya chakula iko hapo. Ya tatu ni ileamu, ndefu kuliko zote, inayokwenda kuungana na utumbo mpana upande wa chini kulia.

Sasa, yale manyoya. Kila moja ni kama kidole kidogo sana, hata milimita moja hakifiki, na ndani yake mna mshipa wa damu. Chakula kilichokwisha kukatwa kinapita katikati ya vidole hivi, navyo vinakinyonya na kukitia katika damu. Vikitandazwa vyote pamoja na mikunjo yake, ukuta wa ndani wa matumbo ya mtu mzima ni kama mita 30 za mraba. Piga hesabu ya chumba cha mita 6 kwa mita 5. Chumba hicho chote kimekunjwa ndani ya tumbo lako!

Na si chakula tu. Kila siku lita 8 au 9 za maji hupita katika utumbo mwembamba wa mtu mzima. Zile tunazokunywa ni kama 2. Zinazobaki zimetoka mwilini mwetu wenyewe: mate, maji ya tumbo, nyongo, kongosho. Karibu zote hurudishwa katika damu, na choo cha mtu mzima mwenye afya hutoka na maji yasiyozidi gilasi moja. Kwa hiyo mtu anapoharisha, mara nyingi ni kwamba maji yake mwenyewe yameshindwa kurudi. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kukauka kwa siku moja, na akiwa na kipindupindu ni kwa saa chache tu.

Turudi kwa mtoto wa Ganze. Vijidudu vya kuharisha vikiingia, hasa kirusi kiitwacho rota, huua ngozi ya vile vidole. Vidole vinakuwa vifupi, mahameli yanakuwa kama shuka iliyochakaa. Mungu ameuumba utumbo kwa namna ya kujirekebisha haraka, kwani ngozi yake hujibadilisha yote kwa siku 3 hadi 5. Lakini kuirekebisha kunataka chakula. Kama mtoto amenyimwa chakula "ili tumbo lipumzike", au kama anaharisha tena kabla hajapona, au maji ya kisimani yana uchafu kila siku, vidole havipati nafasi ya kuota. Uji unaingia, unapita juu ya shuka iliyochakaa, unatoka. Na mwili ukikonda unakosa nguvu ya kupigana na ugonjwa unaofuata. Basi anaharisha tena.

Kwa hiyo, mama, chakula cha mtoto kinakwenda chooni, kwa sababu mlango wa kukipokea umeharibika.

Tuseme wazi juu ya chirwa. Wazee wetu hawakukosea walichokiona kwa macho. Mtoto anayekwisha hali anakula ni jambo la kweli. Tunachokataa ni ile sababu. Watoto wa wazazi waaminifu kabisa hupata hali hii, hasa wakati wa ukame vidimbwi vinapokauka na watu wanachota maji pamoja na ng'ombe. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu wa kuzaliwa, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Na lawama hii ina gharama. Mama anayeona haya humficha mtoto ndani, hampeleki kiliniki kupimwa uzito, na wiki zinapita huku watu wakitafuta nani akiri. Mwandishi wa somo hili ameona mtoto akifikishwa zahanati akiwa amechelewa namna hiyo. Hakurudi nyumbani.

Mtoto akianza kuharisha, mpe maji siku ile ile. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi kule Bangaon, India. Maji ya kutia mishipani yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi karibu 3. Siri yake iko kwenye vile vidole: vina mlango ambao sukari na chumvi hupitia pamoja, zikishikana mikono, na maji hufuata nyuma. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa mgonjwa. Chumvi peke yake haitoshi, na sukari nyingi mno huvuta maji kuelekea chooni. Soda basi haifai.

Chukua pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa mhudumu wa afya wa jamii au zahanati. Soma pakiti, maana nyingine ni ya nusu lita na nyingine ni ya lita nzima. Ukikosa, chemsha lita moja ya maji, yakipoa tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya mlima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika 10, anza tena polepole. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata akiwa ameacha kuharisha. Ziwa lisikatizwe. Watu huuliza madafu: si mabaya, lakini chumvi yake ni haba, hayachukui nafasi ya ORS.

Usikae nyumbani ukiona macho yameingia ndani, mtoto hawezi kunywa au amelegea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, au choo kina damu. Na kuharisha kukifika siku 14, apelekwe hata kama anacheza. Huko anaweza kupimwa pia virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Jamani, kipimo hicho si mahakama. Ni kwa ajili ya kujua dawa.

Kinga dhidi ya rota hutolewa bure Kenya tangu Julai 2014, ikianza mtoto akiwa na wiki 6. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioko hapa Kilifi tangu 1989, wameona watoto wanaolazwa kwa rota wakipungua baada yake.

Magonjwa mengine ya utumbo huu tuyataje kwa ufupi. Safura ni minyoo inayopenya ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha inajishikiza utumboni na kunyonya damu. Mia moja huweza kumaliza nusu kijiko cha chai kila siku, kwa hiyo mama mjamzito mwenye macho meupe aulize dawa yake kiliniki. Michango ikiwa mingi hujifunga kama kamba na kuziba njia. Homa ya matumbo hushambulia ileamu, na ikicheleweshwa huitoboa. "Vidonda vya tumbo" vingi kwa kweli viko duodenamu, na hutibika kwa dawa za kuua vijidudu. Mwenye ngiri iliyogoma kurudi ndani, huku anatapika na tumbo limejaa, ni wa hospitali usiku huo huo, si kesho.

Mtoto aliyekwisha kukonda hupimwa mkono kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, ana utapiamlo mkali. Huyo asishindiliwe chakula kizito nyumbani kwa siku moja, utumbo na moyo wake haviwezi. Wahudumu humwanzishia maziwa maalum au zile pakiti za njugu zilizosagwa. Akipata nafuu, mpe mara 5 au 6 kwa siku, kidogo kidogo: uji wenye ufuta au tui, pojo zilizopondwa, dagaa waliotwangwa, mchicha. Ile pakiti ya njugu ni dawa ya mtoto huyo mmoja. Ndugu zake wataililia, maana ni tamu. Wapikie wao mihogo.