Usihamie Gofu Kabla Injinia Hajalipima

Kijitabu hiki kinatolewa kwa sababu ya malalamiko yanayotufikia kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe. Yote yanafanana. Majirani wameona jengo lililoachwa miaka mingi, wakachanga pesa, wakamlipa dalali, wakafagia vyumba na kuhamia. Kisha mwenyewe akaja na hati yake, au slabu ikaanza kumeguka juu ya vitanda vya watoto.

Kuishi pamoja hatukupingi. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba huku na huku, ukumbi katikati, choo na jiko uani, imewatunza watu wa Mombasa vizazi na vizazi. Jengo kuoza huku watu wakikosa pa kulala ni hasara kwa mji. Tunachokataza ni kuhamia kabla jengo halijapimwa na injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, hatoshi.

Upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi hupenya zege mpaka kwenye nondo, nondo zikashika kutu, na kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuka kutoka ndani. Aliyejenga kwa mchanga wa bahari aliitia chumvi hiyo tangu siku ya kwanza. Gofu lisilo na paa hunyeshewa masika baada ya masika, na kutu huenda mbio zaidi. Wewe utaona plasta nzuri tu, pengine imepakwa jana kuficha nyufa. Gonga nguzo kwa nyundo ndogo: ikitoa mlio wa kitu chenye uwazi, huenda zege limeachana na nondo. Bandika jasi juu ya ufa, andika tarehe, urudi baada ya wiki kadhaa. Jasi ikipasuka, jengo bado linasogea. Lakini hata ukikuta kimya na jasi nzima, hujapata ruhusa ya kuhamia. Ruhusa hutoka kwa injinia, kwa maandishi.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua zaidi ya watu 40. Lilikuwa limeshaamriwa libomolewe, na bado watu walikuwa wakilipa kodi ndani yake. Ukiona alama ya X ukutani, yaani jengo limeamriwa libomolewe, usiifute wala usiipake rangi. Tunarudia: usiipake rangi. Tumekuwa wakali katika jambo hili na hatutalegeza.

Lipo pia suala la mwenyewe. Baadhi ya nyumba za Likoni zilihamwa katika machafuko ya Agosti 1997, na aliyekimbia kuokoa roho yake hakuitupa haki yake. Kwenye nyumba bila shamba, aliyejenga ni mmoja na mwenye ardhi ni mwingine. Kikundi cha majirani kinachotaka kuhamia kinahitaji maandishi ya wote wawili. Dalali atakwambia ukikaa miaka 12 jengo ni lako. Dai la namna hiyo huamuliwa na mahakama, na lina masharti mazito. Kwa hiyo fanyeni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi.

Yakishakamilika hayo, kikundi kisajiliwe, kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo kiombwe kaunti, na Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inaweza kuwezesha kila familia kuwa na hati ya sehemu yake. Masharti mengine mtaelezwa huko huko ofisini.

Ninyi mliokwisha kuhamia jengo lisilopimwa: msingoje mkutano wa kikundi wala kurudishiwa pesa na dalali. Toeni watoto leo, kisha mwiteni injinia.