Panya wa Baridi Yabisi: Fanya, Usifanye

Unamchoma panya kolajeni ili kinga ya mwili wake igeuke na kushambulia viungo vyake. Umemkopa maumivu. Deni hilo hulipwa kwa jibu la kuaminika tu, na nimeona mengi mno yasiyolipwa.

FANYA: Chagua panya kwa kufuata swali.
Panya wa aina ya DBA/1 huugua kwa kolajeni bila shida. C57BL/6 ni mgumu. Seramu ya panya wa K/BxN huwavimbisha wenzao ndani ya siku chache, kwa kazi ya kingamwili.

USIFANYE: Usichukue panya kwa sababu tu wako kizimbani tayari.
Dawa ya kuzuia seli T zisiamke haipimwi kwa seramu hiyo. Hatua unayotaka kuizuia imesharukwa.

FANYA: Weka kolajeni kwenye baridi.
Iyeyushe usiku kucha katika asidi asetiki hafifu, nyuzi 4. Ichanganye na mafuta kamili ya Freund, ya kuchochea kinga, juu ya barafu, maana joto huharibu umbo lake. Dondosha tone kwenye maji. Likisambaa, rudi ukachanganye.

USIFANYE: Usirudie mafuta kamili ya Freund.
Yana vijidudu vya kifua kikuu vilivyouawa. Dozi ya pili, siku ya 21, tumia yasiyo kamili. Ukirudia yale ya kwanza unamwachia panya vidonda bure. Wala usitumie sindano isiyofungwa kwa skrubu. Shinikizo litaichomoa, na mafuta yatakurukia machoni.

FANYA: Tuliza maumivu.
Dawa za jamii ya aspirini hupunguza uvimbe uleule unaoupima, kwa hiyo kubaliana na daktari wa mifugo mapema kuhusu nyingine, kama buprenofini. Weka chakula sakafuni, mrija mrefu wa maji na malalo laini. Panya aliyevimba miguu hawezi kusimama kufikia chakula. Atakonda kwa njaa, nawe utaandika kwamba ni ugonjwa.

USIFANYE: Usingoje afe.
Kikomo kiandikwe kabla ya sindano ya kwanza. Akipoteza asilimia 20 ya uzito au akishindwa kutembea, mpumzishe kwa kifo kisicho na maumivu siku hiyohiyo. Kesho haikuongezei takwimu.

FANYA: Mpimaji asijue nani kapewa dawa.
Gawa makundi kwa kura. Kila mguu hupewa alama 0 hadi 4, jumla 16. Kati ya 2 na 3 jicho ndilo linaloamua, na jicho huipenda dawa yako. Nilikuwa na mwanafunzi mwaminifu kabisa. Tulipomficha makundi, faida ya dawa yake ilitoweka.

USIFANYE: Usikinge kisha ukaita tiba.
Mgonjwa huja hospitalini vidole vimeshavimba. Mwaka 1992 Richard Williams, Marc Feldmann na Ravinder Maini, London, walionyesha kwamba kuzuia TNF, protini inayochochea uvimbe, huwasaidia panya hata baada ya ugonjwa kuanza. Ndiyo maana matokeo yao yalikuwa na uzito kwa wagonjwa.

FANYA: Chapisha hata jaribio lililoshindwa.
Ukilificha, mwingine atalirudia, na panya wengine watavimba miguu kwa jibu ambalo tayari unalo kwenye droo.

USIFANYE: Usimwahidi mgonjwa kwa sababu mnyama amepona.
Mwaka 2006, London, wanaume 6 wenye afya walipewa dawa ya TGN1412, iliyokusudiwa pia kutibu baridi yabisi. Kima walikuwa wameistahimili kwa dozi kubwa zaidi. Wanaume wote 6 viungo vyao vya ndani vilianza kushindwa kazi, wakalazwa wakiwa mahututi. Basi andika neno "panya" kwenye kichwa cha makala yako, si kwenye aya ya mwisho.