Kisima cha Nyumbani

Kisima kilicho karibu na nyumba ni neema kubwa. Mama hapotezi asubuhi nzima njiani na mtungi kichwani, wala watoto hawachelewi shuleni. Lakini kisima kisichotunzwa chaweza kuingiza mauti nyumbani.

Watu wengi hudhani ya kuwa maji yakiwa maangavu, basi ni safi. Sivyo. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa mmoja wa London. Wenyeji waliteka maji kwa bomba la mkono katika kisima cha mtaa, nayo yalisifiwa kwa utamu wake. Hata mjane mmoja aliyehamia mbali aliletewa maji yale, akayanywa, akafa. Daktari John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba, akaona ya kuwa wengi wa waliokufa walikunywa maji ya kisima kile. Akawashauri wakubwa wa mtaa, nao wakauondoa mpini wa bomba. Baadaye ikajulikana ya kuwa shimo la uchafu lilikuwa karibu sana na kisima, na uchafu ulipenya udongoni. Watu zaidi ya 600 walikwisha kufa.

Basi, mwenye kisima na ayashike mambo haya:

Kwanza, choo kiwe mbali na kisima, hatua 40 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko.

Pili, kinywa cha kisima kizungushiwe ukuta wa mawe, na sakafu ya saruji yenye mfereji, ili maji yaliyomwagika yasirudi ndani.

Tatu, kisima kifunikwe. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, chaeleza jinsi wachungaji wa zamani walivyorudisha jiwe kubwa juu ya kisima kila walipokwisha kunywesha kondoo.

Nne, ndoo ya kutekea iwe moja, nayo itundikwe. Ndoo iliyolazwa matopeni huyapeleka matope kisimani. Nguo zisifuliwe hapo, wala mifugo isikaribie.

Tano, maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote, yawekwe katika mtungi uliofunikwa, yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Mtu asitie mkono ndani.

Maswali
1. Kwa nini watu wa London hawakuyashuku maji yao?
2. Kwa nini choo kisichimbwe upande wa juu wa kisima?
3. Kitazame kisima cha kwenu. Ni lipi katika mambo haya matano halijatimizwa?