Nyapara wa Bakteria: Jeni phcA, Mnyauko wa Viazi na Suala la Istilahi

Makala haya yanajadili namna jeni moja inavyotawala ukali wa bakteria wasababishao mnyauko wa viazi na nyanya, na papo hapo yanapendekeza jina la Kiswahili la jeni ya aina hiyo. Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini maabarani. Mkulima wa miteremko ya Mlima Elgon kule Kapsokwony, au wa vilima vya Cherangani karibu na Kitale, aghalabu huelezwa habari za ugonjwa huu kwa Kiswahili, na neno lisilofaa laweza kumfanya apande mbegu mbovu.

Bakteria hao huitwa Ralstonia solanacearum. Huishi udongoni, huingia mmea kupitia mizizi, kisha huzaana ndani ya mirija ipandishayo maji. Mmea hunyauka majani yangali mabichi. Shina lake likikatwa na kutumbukizwa katika gilasi ya maji safi, ute mweupe kama maziwa huchuruzika. Hakuna dawa ya kuuponya.

Wengi wetu hudhani kwamba bakteria ni mkali tangu anapoingia. Sivyo. Wakiwa wachache, huogelea, hujipenyeza na kutafuta chakula. Protini itokanayo na jeni phcA huwa imezuiwa kufanya kazi. Kila seli hutoa kemikali ya ishara, na kadiri seli zinavyoongezeka ndivyo ishara inavyokolea. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1997 zilibainisha kemikali hiyo. Zinapozidi takriban seli 10,000,000 katika mililita moja, kizuizi huondoka. Hapo protini ya phcA hushika jeni nyingine: baadhi huziamuru zianze kutengeneza ute wa sukari uzibao mirija, na baadhi, zikiwamo zile za kuogelea, huzinyamazisha. Bakteria ambao phcA yao imeharibika hupoteza uwezo wa kunyausha mmea, ingawa jeni za kutengeneza ute wangali nazo.

Je, jeni kama hii tuiiteje? 'Jeni ya ukali' ni jina potofu, kwani phcA yenyewe haitengenezi ute wala kimeng'enya. 'Jeni dhibiti' lina nafuu, lakini kudhibiti katika masikio ya wengi ni kuzuia, ilhali phcA huamuru na kukataza kwa pamoja. Napendekeza 'jeni simamizi'. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na wazee wa huko wanamfahamu nyapara: hashiki jembe, lakini asipokuwapo kazi hailaliki wala hailimiki. Tofauti ni kwamba nyapara huyu haamki mpaka vibarua watimie idadi. (Nakiri kuwa tashihisi ina hatari zake, bakteria hawafanyi mkutano wala hawakusudii lolote.)

Hoja hii si ya kamusi tu. Katika nyanda za baridi, mmea ulioambukizwa waweza kukomaa bila dalili yoyote. Hapo phcA si sababu pekee. Baridi nayo hupunguza kasi ya ugonjwa. Lakini viazi vyake vikiteremshwa kupandwa sehemu zenye joto zaidi za Bungoma, mnyauko waweza kuzuka, na shamba hubaki na bakteria hata baada ya mavuno. Jembe lenye udongo na maji yatiririkayo huwapeleka kwa jirani. Kupanda mahindi kwa misimu kadhaa huwapunguza, mradi viazi-maotea ving'olewe.

Mwenye kiazi cha namna hiyo mkononi atakiita 'kizima', kwa kuwa jicho lake halioni kasoro, na hata jaribio la gilasi laweza lisionyeshe kitu bakteria wakiwa wachache. Kwa hiyo istilahi ya pili ninayoiwasilisha kwa wanachama waijadili ni 'ambukizo fiche'.