Kiti cha Jaji Kikiwa Wazi

Wasomaji wetu, leo twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi hulisikia likitajwa lakini wachache hulijua vema: jaji akiondoka kazini, kiti chake hujazwa kwa njia gani, na mashauri yaliyokuwa mbele yake huwaje?

Jambo hili si la wakubwa wa mjini peke yao. Shauri la mauaji haliamuliwi na hakimu wa mahakama ya mwanzo. Ni kazi ya Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi watu wa Mbozi, Ileje na Tunduma walifuata Mahakama Kuu huko Mbeya, na kutoka Tunduma ni mwendo upatao kilomita 100. Basi majaji wakipungua, mshtakiwa huendelea kukaa mahabusu, na ndugu wa marehemu nao huendelea kungoja. Kiti kimoja kikiwa wazi, nyumba mbili hukosa usingizi.

Zamani katika nchi ya Wanyiha, chifu, yaani mwene, ndiye aliyeamua magomvi, na akifa wazee walitafuta mrithi katika ukoo wake. Sheria za mwaka 1963 ziliondoa mamlaka ya machifu na mabaraza yao ya hukumu. Tangu hapo kiti cha hukumu hakirithiwi na mtoto wala ndugu. Hujazwa kwa sheria tu.

Sheria iliyo kubwa ni Katiba ya mwaka 1977. Yasema kwamba Mahakama Kuu itakuwa na Jaji Kiongozi na majaji wengine wasiopungua 30. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu atimizapo miaka 60, na Jaji wa Mahakama ya Rufani miaka 65, ila Rais aweza kumwongezea muda kwa manufaa ya watu wote, naye jaji akikubali. Tena kiti huwa wazi kwa kifo, kwa kujiuzulu, au kwa kuondolewa baada ya tume maalum kuchunguza.

Je, nani aweza kukikalia? Kwa kawaida ni mtu mwenye shahada ya sheria, aliyekuwa hakimu, au wakili, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, kwa muda usiopungua miaka 10. Anayemteua ni Rais, lakini kwanza hushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti wa Tume hiyo, naye Mwanasheria Mkuu na Jaji Kiongozi wamo. Akiisha kuteuliwa, jaji hula kiapo, ndipo aanze kazi.

Sasa, kabla hajapatikana mwingine, kazi isimame? Hasha. Sheria imeweka milango minne. Kwanza, Rais akiisha kushauriana na Jaji Mkuu aweza kuteua Kaimu Jaji. Pili, jaji aliyetimiza umri wake aruhusiwa kumaliza hukumu ya mashauri aliyoyaanza. Tatu, hakimu mkazi aweza kupewa mamlaka ya nyongeza ili asikilize mashauri ya Mahakama Kuu. Nne, katika madai, jaji mpya aweza kuendelea na ushahidi uliokwisha kuandikwa, wala halazimiki kuanza upya. Ila yampasa aandike sababu za kulipokea shauri kutoka kwa mwenzake.

Hata kiti cha juu kabisa kimepata kuwa na kaimu. Januari 2017 Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alistaafu, na Jaji Ibrahim Hamis Juma akawa Kaimu Jaji Mkuu mpaka Septemba mwaka ule, alipoteuliwa kuwa Jaji Mkuu kamili.

Jirani zetu wana desturi nyingine. Ukivuka mpaka wa Tunduma na kuingia Nakonde, uko Zambia. Huko, kwa Katiba iliyorekebishwa mwaka 2016, Rais huteua jaji kwa mapendekezo ya tume, kisha sharti Bunge lithibitishe. Na jaji hustaafu kwa miaka 70. Nchini Kenya tume ndiyo ipendekezayo, na Rais hutakiwa kuteua waliopendekezwa. Lakini mwaka 2019 tume ya Kenya ilipendekeza majaji 41, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuwateua, ingawa mahakama ilisema ni wajibu wake. Juni 2021 aliteua 34 akaacha sita, na mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Wale sita waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Muda huo wote wenye mashauri walingoja.

Hapa ndipo penye fundisho. Katiba yetu imetaja ni nani ateuliwe na ni nani ateue, lakini haikutaja siku ngapi kiti kiweze kukaa wazi. Njia imenyooka, ila haikuwekewa kikomo cha safari. Kwa hiyo yafaa wananchi waijue njia hiyo, wapate kuuliza kwa adabu na kwa maarifa.

Tena tunawaonya wasomaji juu ya wajanja. Mtu akikwambia, «Jaji amehama, faili lako limekufa, nipe fedha nilifufue,» usimsadiki. Shauri ni la mahakama, si la jaji. Nenda masjala ukiwa na namba ya shauri lako, uulize limepangiwa nani na litatajwa lini. Ukijibiwa, iandike tarehe.

Walimu waweza kuwauliza wanafunzi wao: Kwa nini kiti cha jaji hakirithiwi? Kaimu Jaji ni nani? Na je, ni bora jaji athibitishwe na Bunge, au ushauri wa Tume watosha?